Kabla hujanunua maiki, sikiliza chumba chako kwanza

Kazi yangu ya kwanza ya sauti iliharibiwa na jogoo.

Nilikuwa nimepewa tangazo la sekunde 40 nilisome, malipo Sh6,000. Nikafunga dirisha, nikaning'iniza blanketi mlangoni, nikasoma mara 11. Mteja alisikiliza mara moja tu, akanitumia ujumbe: "Boss, huyo kuku ni wa nini?" Kazi ikapewa mtu mwingine.

Na jogoo hakuwa peke yake. Nilipovaa hedifoni nikasikiliza vizuri, niligundua maiki ilikuwa imenasa mtaa mzima: makanga akiita abiria stejini, pampu ya maji ya ploti, mtoto wa jirani akilia, na mvua iliyokuwa imeanza kudondoka kwenye mabati. Mimi mwenyewe nilisikika kwa mbali, kama mgeni kwenye rekodi yangu.

Kilichoniuma zaidi ni pesa. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kunilemea, na mama alikuwa amekopa Sh12,000 kwenye chama chao ili nianzishe "hiyo kazi yako ya kuongea". Zote nilizimaliza kwa maiki moja kubwa ya kondensa niliyoiona kwa video, na vikorokoro vyake. Deni lilibaki la mama.

Kwa hivyo kama uko keja sasa hivi, una akiba kidogo na ndoto ya kurap, kuimba, kuwa emsii au kuanzisha podikasti, nipe dakika tano. Kosa langu lisiwe lako.

Aina mbili, tabia mbili

Maiki nyingi utakazokutana nazo dukani ni kondensa au dainamiki.

Kondensa ina utando mwembamba sana uliokaa karibu na bamba lenye chaji ya umeme. Utando ukitikisika hata kidogo, maiki inajua. Ndiyo maana inanasa pumzi yako, mate yako na kuku wa jirani. Zile za studio huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwa miksa au intafesi ndipo zifanye kazi.

Dainamiki ni tofauti. Utando wake umeshikana na koili ya waya iliyo ndani ya sumaku. Sauti yako inasukuma utando, koili inacheza, umeme kidogo unazaliwa. Ni kama ile dainamo ya baiskeli ya babu iliyowasha taa bila betri. Kwa vile inabeba koili, haishtuki ovyo. Inataka sauti yenye nguvu, na iliyo karibu.

Kondensa si maiki mbaya. Kwenye studio iliyotulizwa kwa sponji na mapazia mazito, inatoa sauti safi ajabu. Shida ni kuwa mimi sikuwa na studio. Nilikuwa na bedsita yenye sakafu ya simiti, kuta tupu na dirisha linaloangalia steji. Nilinunua maiki ya chumba nilichokuwa nakiota, nikaitumia kwenye chumba nilichokuwa nalipia kodi.

Siri ni umbali

Aliyenifungua macho ni fundi wa sauti aliyekuwa akiendesha miksa kwenye harusi moja Kayole. Nilimweleza yaliyonipata, akacheka kidogo.

"Kijana, maiki haijui jirani ni nani," akaniambia. "Inajua tu nani yuko karibu."

"Sasa mzee, nifanyeje?"

"Sogea."

Nilidhani ananitania. Kumbe hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Ukipunguza umbali kati ya mdomo na maiki kwa nusu, sauti yako inapanda kwa karibu desibeli 6. Toka sentimita 20 hadi sentimita 5, umepanda kama desibeli 12. Jogoo naye yuko palepale nyuma ya ploti, hajapanda hata kidogo. Sasa unaweza kupunguza nguvu kwenye intafesi, na yeye anashuka pamoja na pampu na makanga.

Dainamiki ya kuimbia imetengenezwa kwa maisha hayo ya karibu. Ule mpira wa wavu una sponji ndani inayopunguza kishindo cha "p" na "b". Kondensa yangu nilipoisogelea vile, kila "p" ililipuka kama tairi.

Kuna jambo moja la kuangalia. Ukikaribia sana, besi inaongezeka. Mtangazaji wa redio anaipenda hiyo, inampa sauti ya usiku wa manane. Lakini kama sauti yako tayari ni nzito, maneno yatageuka mvumo. Anza na upana wa vidole vitatu, rekodi, sikiliza, kisha sogea mbele au nyuma.

Na nisikudanganye: dainamiki haifuti kelele. Kesha ikiwa mlango wa pili na spika zimeelekezwa kwako, hakuna maiki itakuokoa. Subiri saa tisa usiku kama sisi wengine.

Ile unayoiona kila mahali

Kama umewahi kuingia kanisani, baa yenye bendi au ukumbi wa harusi, umeiona Shure SM58, au kitu kilichoiga sura yake. Shure ilianza Chicago mwaka 1925. SM57 ilitoka 1965, na SM58 ikafuata 1966. Herufi SM zilimaanisha maiki ya studio, lakini ni jukwaa lililoipa SM58 jina.

Inasikia kuanzia hezi 50 hadi 15,000, na katikati imeinuliwa kidogo ili maneno yapenye juu ya ngoma na gitaa. Ndani kuna kitu kama springi ya hewa inayopunguza kelele ya mkono unaposhika. Ni ngumu kuvunjika, na ndiyo sababu watu wameing'ang'ania karibu miaka 60.

Si hiyo peke yake. Sennheiser e835 iko kwenye kundi hilohilo, na wengi husikia inang'aa zaidi kwa juu. Behringer XM8500 ni ya bei ya chini sana, na kwa mtu anayeanza inafanya kazi ya heshima. Nunua XM8500 halisi kabla ya kununua SM58 ya kuigiza. Nitakueleza kwa nini.

Halafu kuna SM7B, ile nyeusi ya mapodikasta wote. Mtangulizi wake SM7 ilitoka 1973, na ndiyo Bruce Swedien aliyotumia kurekodi sauti ya Michael Jackson kwenye albamu ya Thriller ya 1982. Ni maiki tamu. Lakini sauti inayotoa ni ndogo mno, na Shure wenyewe wanashauri uwe na angalau desibeli 60 za kuikuza. Intafesi nyingi za bei nafuu hazifiki hapo bila kuanza kutoa mvumo wa "shhh". Utajikuta unanunua kifaa kingine cha kuisukuma. Kwa mtu wa bedsita, hiyo ni njia ndefu ya kufika karibu.

Jukwaani mambo hubadilika

Nyumbani adui ni jogoo. Jukwaani adui ni ile spika iliyokutazama ili ujisikie.

Maiki ikisikia spika, spika inatoa sauti hiyo tena, maiki inaisikia tena, na ndani ya sekunde moja watu wote wameziba masikio. Unaijua hiyo "wiiii". Dawa yake ni kujua maiki yako ni kiziwi upande gani.

SM58 na e835 ni kardioidi: zinasikia mbele kwa umbo kama la moyo, na uziwi wake mkubwa uko nyuma kabisa, upande wa kebo. Spika yako iwekwe hapo, moja kwa moja nyuma ya maiki.

Beta 58A na Sennheiser e845 ni superkardioidi. Zina mdomo mwembamba zaidi mbele, lakini nyuma kabisa zinasikia kidogo. Uziwi wake uko kwenye pembe mbili za nyuma, kushoto na kulia. Ukiweka spika nyuma kabisa kama ulivyozoea na SM58, umeitafuta "wiiii" mwenyewe.

Marapa, hii ni yetu: wacheni kufunika wavu kwa kiganja. Najua inapendeza kwa picha. Lakini sauti huingia pia kutoka pembeni na nyuma ya wavu, na hiyo ndiyo inayoifanya maiki ijue mbele ni wapi. Ukiziba, inaanza kusikia kila upande, maneno yanakuwa ugali, na spika zinapiga yowe. Kisha unamlaumu fundi. Shika shingo ya maiki, mkono chini ya wavu.

Mizani ya buchari

Sasa nikwambie kosa langu la pili. Baada ya kuuza ile kondensa kwa hasara, nilishuka katikati ya jiji na Sh3,000 mfukoni. Nikapata duka linalouza "SM58 orijino" kwa Sh2,800, boksi safi, kebo bure. Nikaona nyota yangu imewaka.

Fikiria kidogo, kitu ambacho mimi sikufanya. Marekani kwenyewe, SM58 mpya imeuzwa kwa miaka mingi kwa karibu dola 100. Hiyo ni kama Sh13,000 kabla ya nauli na ushuru. Mpya kwa Sh2,800 ingetoka wapi?

Nilipofika mtaani sauti ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Nikasoma kuwa SM58 halisi ina uzito wa gramu 298 bila kebo. Nikaipeleka kwa buchari, mwenye buchari akaiweka kwenye mizani yake ya dijitali huku wateja wakicheka. Ikasoma 221. Niliporudi dukani jamaa aliniambia hajawahi kuniona.

Uzito ukiwa sawa bado si uthibitisho, lakini ukipungua hivyo usipoteze muda. Nunua kwa duka linalokupa risiti na waranti ya maandishi. Omba ichomekwe kwenye miksa hapohapo. Ongea ukiizunguka polepole: inapaswa kufifia wazi ukifika nyuma. Gonga mwili wake kwa kidole. Sema "pesa, pombe, bandari" ukiwa karibu na usikilize vishindo. Muuzaji akikataa kukuwashia, rudisha pesa mfukoni.

Ya mtumba? Usiiogope, dainamiki huzeeka vizuri. Ya kanisa iliyobonyea wavu inaweza kuimba kuliko mpya ya kuigiza. Wavu wa SM58 unafunguka kwa kuzungusha, hubadilishwa, na huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Hakikisha umekauka kabisa kabla ya kuurudisha. Kumbuka mdomo wa nani ulikuwa hapo kabla yako.

Gawa pesa zako

Usimalize zote kwa maiki. Ukiwa na dainamiki ya bei ya kawaida, stendi imara, kebo nzuri na intafesi ndogo, umeshinda mtu mwenye SM7B iliyoshikiliwa kwa selotepu.

Kebo iwe ya XLR yenye pini tatu pande zote mbili. Hiyo inapambana na mvumo wa nyaya za stima. Zile za bure kwenye boksi mara nyingi zina jeki kubwa upande mmoja, na zinabeba kelele zote za ploti.

Chumba nacho kipe kitu. Rekodi ukitazama nguo zilizoning'inia, godoro likiwa nyuma yako, mbali na ukuta mtupu. Kama wewe ni wa shoo tu na hurekodi nyumbani, achana na intafesi kwanza, weka hizo pesa kwa maiki. Kuwa na yako mwenyewe kunamaanisha hutasalimiana na mate ya emsii aliyekutangulia.

Mimi niliishia na dainamiki ya mtumba kutoka kwa bendi iliyovunjika, Sh5,500. Nilipanda nayo kwa buchari kabla ya kulipa, na safari hii mizani ilikubali. Kazi iliyofuata ilikuwa tangazo la duka la viatu. Niliisoma jogoo akiwika, vidole vitatu kutoka kwa wavu, nikaituma na moyo ukidunda.

Mteja alijibu: "Iko sawa. Tuma namba ya M-Pesa."

Deni la chama lilichukua miezi minne kuisha. Ile siku mama alipoleta kitabu chao kunionyesha mstari umepigwa, aliuliza kama sasa ninaweza kumrekodia tangazo la mandazi yake. Nilimrekodia. Jogoo wa jirani yumo kidogo mwishoni, na yeye alikataa nimtoe.