Majina mbili, kazi moja

Bandugu, katika 1972 serkali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristo. Yosefu wa ubatizo akabakia na jina la mababu tu. Kisha 1990 Yosefu akarudi, lakini karatasi zake zikapingana. Hata leo kijana anafika kwenye kampani ya mine: diploma inasema hivi, karte inasema vile. Wanazania dosie ni ya mutu mwingine, anarudishwa.

Usinunue karatasi ya uongo! Kwa Sheria ya Jamaa ya 1987, ni tribinali ya amani ya mahali unapokaa inayoruhusu kubadili jina, kukiwa sababu ya haki.

Wazazi, muangalie majina ya watoto tangu masomo: herufi moja inaweza kufunga mlango.