Shamba la Mlangoni Kibera

Katika mtaa wa mabanda wa Kibera, Nairobi, kuna vichochoro ambamo watu wawili hawapishani mpaka mmoja ajibanze ukutani. Ua hakuna, seuze shamba. Hata hivyo sukuma wiki zinamea mle, zimechomoza ubavuni mwa magunia yaliyosimamishwa mlangoni.

Kilimo hiki kilishika kasi mwaka 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimevuruga biashara, reli inayokatiza Kibera iling'olewa, na bei ya chakula ikapaa. Solidarités, shirika la misaada la Ufaransa, likaanza kugawa miche na kufundisha wakazi namna ya kuipanda.

Ujanja wote uko katikati ya gunia. Mkulima huchanganya udongo na samadi, kisha huchukua kopo lisilo na kitako, mkebe mkuukuu wa mafuta ya kupikia kwa mfano, na kulisimamisha ndani. Kopo hulijaza kokoto, pembeni hulizungushia udongo, halafu hulivuta juu kidogo na kuanza upya. Gunia likijaa, inabaki nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Maji yakimiminwa hushuka kwa nguzo hiyo na kusambaa pande zote. Bila hiyo, miche ya juu ingelowa chepechepe huku ya chini ikinyauka. Baada ya hapo gunia hutobolewa matundu ubavuni, na kila tundu likapata mche wake. Gunia moja hubeba miche 20, hata 40.

Sukuma wiki na spinachi ndizo zinazotawala, na kwa sababu nzuri: huchumwa majani ya chini, mmea ukaendelea kutoa mengine kwa miezi. Dania na vitunguu hukaa juu. Mahindi hayaingii humo, kwa hiyo anayedhani magunia yatailisha Nairobi anajidanganya. Unga bado ni wa dukani. Kinachookolewa ni pesa ya mboga ya kila siku, na kwa anayelipwa kibarua cha siku, hiyo si haba.

Udongo ukishapatikana, shida huhamia kwenye maji. Wakazi wengi huyanunua kwa mtungi wa lita 20, na yakiadimika bei hupanda. Ndiyo maana gunia hunyweshwa maji yaliyokwisha kuosha mchele. Kuna pia mbuzi wa jirani, asiyejua mboga ni ya nani.

Jambo zito zaidi ni usafi wa udongo wenyewe. Ukichotwa karibu na jaa au mtaro wa maji taka, unaweza kuwa na madini ya sumu kama risasi, hofu ambayo watafiti waliichunguza Kibera na kuiandikia makala mwaka 2013. Kuosha majani huondoa vumbi na vijidudu, ila hakuondoi madini yaliyokwisha kufyonzwa na mizizi.

Kisheria, hali imelegea. Kwa miaka mingi kulima mjini kulikuwa kujitafutia ugomvi na askari wa jiji, hadi Kaunti ya Nairobi ilipopitisha mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo hicho. Lakini sheria hiyo haimpi mpangaji haki ya kubaki alipo. Julai 2018 matingatinga yalibomoa sehemu ya Kibera kupisha barabara, na gunia lililojaa udongo mbichi halibebeki kichwani kama godoro.