Bahari Haijui ‘Niko Njiani’

Ni mara ngapi umealikwa mkutanoni saa nane, ukafika saa nane, ukajikuta peke yako na viti? Ukilalamika utaambiwa, “Hizo ndizo saa za Kiafrika.” Usemi huo tumeuzoea hata tukausadiki. Hebu twende Gazi, katika Kaunti ya Kwale, tukaone kama ni kweli.

Huko pwani, mtu wa bahari hatazami saa ya mkononi kwanza. Hutazama maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Maji yaliyopwa leo saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu saa tano. Anayesaka pweza kwa miguu mwambani wakati wa bamvua sharti awahi. Akichelewa, maji yatarudi na yeye atarudi na kikapu kitupu, na jioni sufuria haitapanda mekoni. Je, huyu ni mtu asiyejua kushika wakati?

Manahodha wa majahazi nao walilijua hilo. Aliyekosa upepo wa kusi wa kumrudisha Arabuni alingoja miezi, si dakika.

Kila watu wana kipimo chao. Mtafiti Mmarekani Robert Levine alilinganisha mwendo wa maisha katika nchi 31. Katika kitabu chake cha 1997, Uswisi iliongoza na Meksiko ikashika mkia. Nchini Japani, Novemba 2017, kampuni ya reli ya Tsukuba Express iliomba radhi kwa sababu gari moshi lake liliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Lakini huko Brazil, ukifika karamuni dakika ile ile uliyoambiwa, huenda ukamkuta mwenyeji wako bado anaoga!

Basi tatizo letu si Uafrika. Sisi huwahi pale ambapo hatungojwi, tukachelewa pale tunapojua tutangojwa. Anayetungoja ndiye hulipa: fundi aliyeacha kazi nyingine, mama aliyefunga kibanda chake ili ahudhurie kikao, mgonjwa aliyekaa bencini tangu alfajiri.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema. Leo ukimwahidi mtu saa nane, ifanye ahadi hiyo kuwa maji ya bamvua.