Zizi la farasi wa mbio: kwa nini leo juu, kesho chini?

Wasikilizaji wetu wa Ihanja na vijiji vya jirani wametuuliza zaidi ya mara moja kuhusu mbio za farasi zinazooneshwa kwenye televisheni za vibanda vya kubeti. Farasi wa zizi fulani anashinda Jumamosi, Jumapili anaburuza mkia. Je, mchezo umepangwa?

Tuanze na mbio zenyewe. Uingereza na Ireland mbio za kuruka viunzi hushika kasi majira ya baridi, kuanzia Oktoba hadi Aprili, maana mvua hulainisha ardhi na farasi akitua miguu haipati kishindo kikali. Lakini baridi hiyo hiyo huharibu mambo. Ardhi ikiganda, mbio huahirishwa, na farasi aliyeandaliwa kwa miezi hubaki bandani akila tu. Mvua ikizidi, tope humlemea aliyezoea ardhi ngumu. Grand National, inayokimbiwa Aintree mwezi Aprili, ina viunzi 30 vya kuruka. Kosa moja tu, kazi ya mwaka mzima imekwisha.

Kwetu Afrika Mashariki mbio maarufu ni za tambarare, kwenye uwanja wa Ngong jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954. Lakini hadithi tunayoipenda ni ya zamani zaidi, ya zizi la Njoro. Mwenyewe alikuwa mlowezi wa Kiingereza, Charles Clutterbuck, aliyekuwa pia na mashine za kusaga nafaka. Binti yake, Beryl Markham, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1942 kwamba baba aliweka mikataba ya kutoa unga kwa bei iliyopangwa. Ukame ukaja, bei ya nafaka ikapaa, naye akaendelea kutoa unga kwa bei ile ile ya mkataba. Wafanyabiashara wa mtama hapa Singida hawahitaji kuelezwa kilichofuata. Shamba likaenda, farasi wakauzwa, mzee akahamia Peru.

Beryl, akiwa msichana wa miaka 18 hivi, alibaki na kuchukua leseni ya kufundisha farasi wa mbio. Anasimulia kwamba mwaka 1926, wiki chache kabla ya mbio ya St Leger ya Nairobi, mwenye farasi wake bora, Wrack, alimwondoa zizini na kumpeleka kwa mwalimu mwingine. Akabaki na Wise Child, jike mwenye kano mbovu za miguu. Siku ya mbio Wise Child akampita Wrack. Sisi tunaona hapo ndipo siri ya zizi ilipo: mmiliki anaweza kumhamisha farasi wakati wowote, na mguu mmoja unaweza kuamua msimu mzima.

Baadaye Beryl aliwahi kuwa mwalimu aliyefanikiwa kuliko wote Kenya. Akahamishia zizi Afrika Kusini, mambo yakamwendea kombo, akarudi. Alifariki Nairobi mwaka 1986.

Mtu atauliza kwa nini sisi hatuna mazizi kama hayo. Gharama ni sababu mojawapo, lakini kuna maradhi pia. Mbung'o hueneza nagana, na kuna tauni ya farasi inayosambazwa na visubi, ambayo huua farasi wengi wanaoipata. Punda akiipata tauni hiyo mara nyingi haoneshi hata dalili. Ndiyo maana anayevuta maji na magunia ya alizeti Ihanja ni punda.

Sasa swali la kibandani. Mbio nyingi zinazopita pale kila baada ya dakika chache si za farasi wa kweli. Ni picha za kompyuta, na mshindi huchaguliwa na programu inayotoa namba kwa bahati nasibu. Hakuna zizi, hakuna tope, hakuna kano. Kijana anayeandika daftarini kwamba farasi namba 4 ameshinda mara tatu asubuhi, kisha akamwekea pesa ya mbolea mchana, anafuatilia kitu kisichokuwepo: namba 4 wa mchana hana uhusiano wowote na yule wa asubuhi.