VIDONGE VYA LAISINI NA MAHARAGE YA MGAO



Baadhi yenu mmetuuliza kuhusu vidonge vya laisini vinavyouzwa kama dawa ya kuongeza nguvu na damu. Wengine wamebadilisha maharage ya mgao ili wavipate. Tafadhali someni kwanza maelezo haya.

Laisini ni amino asidi, yaani moja ya vipande vinavyounda protini. Mwili hauwezi kuitengeneza. Huipata katika chakula, na mahindi yana kidogo tu. Hapo muuzaji hasemi uongo. Lakini maharage yanayo kwa wingi: gramu 60 za maharage makavu zina karibu gramu 1 ya laisini, sawa na vidonge 2 vya miligramu 500. Anayetoa maharage apate vidonge amepoteza pia madini ya chuma, nguvu na shibe.

Tunajua maharage hula kuni. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa maji mapya, sufuria ikiwa imefunikwa, mpaka yaive kabisa. Yasiyoiva vizuri huleta kutapika na kuharisha.

Vidonge hivi haviongezi damu. Wapo wanaovitumia kwa malengelenge ya midomo yanayorudi mara kwa mara, ila faida yake haijathibitishwa vizuri. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hadhuriki na kiasi kidogo. Akizidisha huumwa tumbo na kuharisha. Mwenye ugonjwa wa figo asivitumie. Mjamzito na anayenyonyesha aulize kwanza zahanati.

Msinunue vidonge vya kuhesabiwa mkononi au vya kopo lisilo na maandishi. Mwaka 1989 huko Marekani, vidonge vya amino asidi nyingine, triptofani, viliwaletea watu zaidi ya 1,500 maumivu makali ya misuli, na zaidi ya 30 wakafa. Uchunguzi ulihusisha maafa hayo na uchafu uliokuwa katika vidonge vya kiwanda kimoja.

Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu asipewe vidonge hivi. Mwili usiopata chakula cha kutosha huiunguza protini kama kuni, hata laisini ya kununua. Mleteni zahanati siku hiyo hiyo apimwe mkono. Akionekana ana utapiamlo mkali ataandikishwa kupata chakula dawa, nacho hakiuzwi.