Ndoo ya maji haitoshi kulinda soko la mpakani

Siku ya soko, Mpondwe huamka kabla ya jua. Kutoka Kasindi, upande wa Kongo, huja mawese, kahawa na kakao. Kutoka upande wa Uganda huondoka chumvi ya Katwe, samaki wakavu, sabuni na vyombo vya plastiki. Katikati ni mto Lhubiriha, ambao wenyeji hawauhesabu kuwa mpaka wa undugu. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Kongo huelewana bila mkalimani, na asiyejua lugha yao hujitetea kwa Kiswahili.

Juni 2019, biashara hiyo yote ilitikiswa na safari ya familia moja. Mtoto wa miaka mitano, aliyekuwa ametoka Kongo na jamaa zake baada ya msiba wa babu yake, alifikishwa Hospitali ya Kagando wilayani Kasese. Juni 11 ikathibitishwa kuwa ana Ebola. Alifariki dunia, kisha bibi yake na mdogo wake wa miaka mitatu wakafariki pia. Siku chache baadaye mikusanyiko wilayani humo ilisitishwa, siku za soko zikiwamo.

Kwa mwenye mzigo wa samaki unaooza na mkopo wa kikundi unaosubiri marejesho, tangazo hilo lilikuwa na uzito wake. Hata hivyo, ugonjwa haukusambaa kwa wakazi wa Kasese. Agosti mwaka huohuo msichana wa miaka tisa kutoka Kongo alibainika kuwa na dalili akiwa palepale kwenye kituo cha ukaguzi cha Mpondwe. Alifariki, lakini aligunduliwa kabla hajaingia mitaani.

Kazi isiyoonekana

Msafiri anayepita mpakani huona ndoo ya maji yenye dawa, kipimajoto na bango. Asichokiona ni kazi inayofanyika wilayani ili ndoo hiyo iwe na maana.

Uganda ilianza kujiandaa tangu mlipuko wa Kongo ulipotangazwa Agosti 2018. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kufika Kasese, wahudumu wa afya wapatao 4,700 nchini humo walikuwa wamechanjwa. Wilayani, shughuli kama hizi huendeshwa na kikosi kazi kinachoongozwa na mwakilishi wa Rais wa wilaya, huku mganga mkuu wa wilaya akisimamia utaalamu. Chini yake zipo kamati ndogo: ya kufuatilia wagonjwa, ya matibabu, ya mazishi salama, na ya elimu na uhamasishaji wa jamii.

Kamati hii ya mwisho ndiyo inayomgusa mfanyabiashara moja kwa moja. Huandaa ujumbe mmoja utakaosemwa na wote: redio, viongozi wa vijiji, mapadri, masheikh na Msalaba Mwekundu. Hugawa maeneo ili kijiji kimoja kisitembelewe na mashirika matatu huku kingine kikisahaulika. Hukusanya uvumi unaozagaa na kuujibu mapema. Kisha huwasikiliza watu wa vijijini, ili ujumbe usioeleweka ubadilishwe.

Mikono na miguu ya kamati ni wahamasishaji wa afya wa vijiji, maarufu Uganda kama VHT, ambao huchaguliwa na wanakijiji wenyewe. Tanzania wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Kenya wanaitwa CHP, na Kongo wanajulikana kama reko. Majina ni tofauti, lakini kazi inafanana: kupita nyumba kwa nyumba na kutoa taarifa wanapoona dalili.

Tabia ina gharama

Kumwambia muuza samaki asipeane mikono na wateja ni jambo jepesi. Kumwambia mwanamke asiuoshe mwili wa baba yake ni jambo jingine. Hapo bango halisaidii. Anahitajika mtu anayeijua mila hiyo, anayeweza kukaa na wazee wa ukoo na kukubaliana nao namna ya kumuaga marehemu kwa heshima bila kumgusa.

Vivyo hivyo, kumwambia mchuuzi abaki nyumbani akiwa na homa ni rahisi kwenye karatasi. Ikiwa ni Alhamisi na kesho ni siku ya kurejesha fedha za kikundi, atameza dawa ya kutuliza maumivu na kwenda sokoni. Hajakosa elimu, anachokosa ni nafasi ya kuitii. Wilaya inayoelewa hilo humwita mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa kwenye kikao na kuzungumza naye juu ya kumsogezea mgonjwa tarehe ya marejesho. Humwita pia mwenyekiti wa soko wakubaliane nani atajaza ndoo saa nne asubuhi, maji ya alfajiri yanapokwisha.

Elimu isipopita kwa watu wanaoaminika, hofu hujaza pengo. Kaskazini Mashariki mwa Kongo, mlipuko wa 2018 hadi 2020 uliua watu 2,287. Katika kipindi hicho vituo vya matibabu vilishambuliwa, na Aprili 2019 Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kutoka Cameroon, aliuawa mjini Butembo. Silaha na siasa vilikuwa na mchango wao, lakini imani ya jamii ilikuwa imepungua pia.

Pande mbili, ujumbe mmoja

Ugumu mkubwa ni kwamba wilaya huishia mtoni. Ng'ambo ya Kasese ni eneo la afya la Mutwanga, lenye wakuu wake, bajeti yake na Kifaransa chake. Mfanyabiashara akiambiwa jambo moja Kasindi na jingine Mpondwe, atafuata lile lisilomchelewesha. Masharti yakizidi uvumilivu wake, zipo njia za panya, ambako hakuna kipimajoto wala daftari la majina.

Ndiyo maana WHO, ilipotangaza mlipuko wa Kongo kuwa dharura ya kimataifa Julai 17, 2019, ilishauri mipaka isifungwe na biashara isizuiwe. Kufunga kunawasukuma watu kwenye njia zisizo na ukaguzi. Mwaka uliofuata, madereva wa malori waliosubiri vipimo vya korona Malaba walishuhudia kinachotokea nchi jirani zisipooanisha taratibu: foleni zilifika makumi ya kilomita.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Julai 2024, wagonjwa wa kwanza wa mpox nchini Uganda walibainika Kasese hiyohiyo. Safari hii ujumbe ulibidi ubadilike, kwa kuwa mpox huenea zaidi kwa kugusana ngozi na kwa kutumia pamoja nguo au matandiko ya mgonjwa. Kwa wachuuzi wanaolala kitanda kimoja nyumba za wageni ili kubana matumizi, tahadhari hiyo ilihitaji kuelezwa kwa lugha yao.

Nafasi ya mfanyabiashara

Mara nyingi wafanyabiashara huitwa baada ya uamuzi kupita, wakaelezwa soko limefungwa hadi lini. Wao ndio wanaojua mizigo inalala wapi, nani amefiwa ng'ambo na njia ipi ya kichakani imeanza kuchangamka. Taarifa hizo ni za thamani kwa mganga mkuu wa wilaya.

Chama cha wafanyabiashara cha soko lolote la mpakani, iwe Mpondwe, Mutukula au Busia, kinaweza kuanza bila kusubiri mlipuko. Kiombe kiti kwenye kamati ya uhamasishaji ya wilaya. Kiwe na orodha ya wanachama na namba zao za simu. Kimjue kwa jina mhamasishaji wa afya wa eneo la soko, na kiwasiliane na chama mwenzake cha ng'ambo ili tangazo likitoka upande mmoja, upande wa pili ulisikie siku hiyohiyo. Na kwenye katiba ya kikundi cha kukopeshana, kiongezwe kifungu kimoja: mwanachama mwenye homa hatozwi faini kwa kuchelewesha rejesho la wiki hiyo.