Mafuta Yamwagikapo Katika Nyumba Kongwe

Msomaji wa huku kwetu, ambako baridi ya Julai hufukuzwa kwa blanketi na jiko la makaa, huenda akashangaa kusikia kwamba mtu aweza kuweka takriban lita 1,000 za mafuta chini ya sebule yake. Katika majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kama vile Maine na Massachusetts, hilo ni jambo la kawaida. Mafuta hayo, ambayo ni ndugu wa dizeli ya matatu zetu, huchomwa ili kuipasha nyumba joto, na tangi lake aghalabu hukaa katika chumba cha chini ya ardhi.

Nyumba nyingi za huko zilijengwa kabla mafuta hayo hayajatumiwa. Misingi yake ni mawe ya mashambani yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na pengine sakafu ya chini ni udongo mtupu. Tangi likitobolewa na kutu, chokaa hunyonya mafuta, udongo hulowa, na kisima huwa hatarini. Isitoshe, kumetokea visa vya tangi kuondolewa na bomba la kujazia likaachwa ukutani. Dereva wa lori akakosea anwani, akamimina mafuta ndani ya nyumba ya watu!

Anayekimbilia maji na sabuni huyasukuma mafuta ndani zaidi. Yafaa kwanza kuzima pampu ya maji ya chini isiyapeleke mtaroni, kutandaza vitu vya kunyonya, na kupitisha hewa. Kisha udongo uliolowa huchimbwa, na hapo ndipo ugomvi huzuka. Mwenye kusafisha ataka udongo wote utoke. Mlinzi wa turathi ahofia ukuta usije ukaporomoka. Penye kisima na watoto, mimi ni wa upande wa msafishaji, ila achimbe kipande kwa kipande, ukuta ukiwa umeegemezwa nguzo.

Massachusetts iliwataka wenye matangi hayo watie vali ya usalama, au waufunike mrija wa mafuta kwa ala, kufikia mwisho wa Septemba 2011. Anayeilalamikia gharama hiyo na asome mkataba wake wa bima: bima za kawaida za nyumba huko aghalabu hazilipii uvujaji wa mafuta.